Mwongozo wa Kuozesha Mizizi ya Nyasi kwa Bidii na Gharama

Mtu yeyote anaweza kuua nyasi. Mbuzi anaweza, jua linaweza, watoto wenye mpira wanaweza, na fundi mwashi aliyekoroga zege pembeni mwa baraza anaweza kwa mchana mmoja. Mwongozo huu hauwahusu hao. Unamhusu anayetaka nyasi zake zife kuanzia chini, kimyakimya, huku juu zikiwa bado kijani, halafu zianguke zote wiki ileile ambayo wakwe wanakuja kumtembelea. Kazi hiyo haifanywi na mvivu. Inataka fedha, mashine ya kukatia yenye wembe mkali, mpira mrefu wa maji na mapenzi ya dhati.

Nazungumza zaidi na ndugu zetu walionunua nyumba Marekani, kuanzia Pennsylvania na Ohio hadi Lexington, Kentucky, mji wenye Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Huko nyumba haiji peke yake. Inakuja na kiwanja cha nyasi mbele, kiwanja kinakuja na chama cha wenye nyumba cha mtaa, na chama kinakuja na barua. Walioko Nairobi na Limuru wasiondoke, zamu yao ipo.

Anza kwa kumfahamu mgeni wako. Jina lake ni Magnaporthiopsis poae, na ugonjwa anaouleta tuuite mabaka ya kiangazi. Humwoni. Hachomozi uyoga baada ya mvua, wala haachi unga mweupe juu ya jani. Anakaa ndani ya vipande vya mizizi na mabua yaliyokufa, akingoja udongo ufike nyuzijoto 18 hivi za Selsiasi kwenye kina cha sentimita tano. Katika majimbo mengi ya kaskazini, hilo hutokea karibu na mwisho wa majira ya kuchipua. Hapo huanza kutoa nyuzi nyembamba za rangi ya kahawia iliyokoza, zinatambaa juu ya ngozi ya mzizi, zinavuka kwenda mzizi wa jirani, kisha zinapenya ndani na kuiharibu mirija inayopandisha maji. Yote hayo yanatendeka wakati nyasi ziko kijani kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, nawe unazipiga picha za kutuma nyumbani.

Halafu Julai inaingia. Joto linavuka nyuzijoto 30, jani linaagiza maji, na chini hakuna wa kupokea agizo. Kwa siku chache yanatokea mabaka ya rangi ya majani makavu, yenye upana wa sentimita 15 hadi 30, mengine yakiwa pete kamili zenye nyasi hai katikati. Utasema jua limeua. Jirani atasema mbwa amekojoa. Nyote wawili mtakuwa mnajadili kifo kilichotokea wiki nyingi zilizopita, na hiyo ndiyo raha ya ugonjwa wa mizizi: ushahidi unaletwa baada ya kesi kwisha.

Sasa kazi. Kwanza kabisa, tafuta mbegu moja iliyo bora kuliko zote, uipande hiyo peke yake kuanzia barabarani hadi mlangoni. Hapa tuna mfano wa kuigwa. Mwaka 1936, mtunza uwanja wa Merion Golf Club huko Pennsylvania, Joe Valentine, mhamiaji kutoka Italia, aliona kipande cha nyasi karibu na sehemu ya kuanzia shimo la 17. Kilikuwa kizito na kibichi kuliko vyote vilivyokizunguka. Akakipeleka kwa watafiti wa chama cha gofu cha Marekani, waliokuwa na bustani ya majaribio Arlington, Virginia, katika eneo lilelile ambako miaka michache baadaye ilijengwa Pentagon. Nyasi ikapewa namba B-27. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaingia sokoni kwa jina la Merion.

Ilikuwa nyasi ya buluu ya Kentucky, Poa pratensis, ambayo kwa kweli asili yake si Kentucky, ilitoka Ulaya na walowezi. Aina za zamani zilikuwa zinasumbuliwa kila mwaka na ugonjwa wa madoa ya majani, ambao huanza na vidoa vya zambarau na kuishia kwa kuyeyusha kiwanja kizima. Merion ilistahimili. Tena ilistahimili hata ikikatwa fupi, jambo ambalo kwa mwenye nyumba wa miaka ya 1950 lilikuwa sawa na muujiza. Mbegu yake ikauzwa ghali, na watu wakanunua bila kulalamika, mtaa baada ya mtaa.

Kuna jambo moja kuhusu nyasi ya Kentucky ambalo mfuko wa mbegu hautaji. Mbegu zake nyingi huundwa bila baba. Hakuna chavua inayochanganya damu, mbegu ni nakala ya mama yake, na Merion ilikuwa hodari sana kwa hilo. Kwa hiyo mtaa mzima uliopandwa Merion haukuwa na mamilioni ya mimea. Ulikuwa na mmea mmoja, ule wa karibu na shimo la 17, uliotawanywa mbele ya nyumba zote. Kuvu anayejua kuufungua mlango mmoja amekwisha kupewa funguo za mji.

Ikaja kutu. Ikaja masizi yanayochana majani kuwa nyuzi. Na kufikia miaka ya 1960 yakaja mabaka na pete za katikati ya kiangazi, yakipenda kiwanja cha Merion kuliko vingine. Jani lilikuwa limehakikishiwa usalama, na hakuna aliyeuliza habari za mzizi. Mimi naona hapa ndipo wauzaji wengi wa mbegu wanapotusaidia bila kujua. Neno “inastahimili magonjwa” kwenye mfuko halisemi ugonjwa upi, wala sehemu gani ya mmea. Marekani kuna mpango wa taifa wa kupima aina za nyasi, makao yake Beltsville, Maryland, nao huchapisha majedwali marefu yenye alama 1 hadi 9. Ukiyapata majedwali hayo, tazama safu ya rangi tu. Ukiteleza ukatazama safu za magonjwa, unaweza kuchagua vizuri na kuharibu mpango wote.

Na kwa vyovyote usichanganye. Lolium perenne, ile nyasi inayoota upesi na wengi huidharau kwa kuwa ya bei nafuu, haisumbuliwi sana na mgeni wetu. Hata ikiingizwa kwa sehemu ndogo ndani ya nyasi ya Kentucky, mabaka hupungua, kwa sababu nyuzi za kuvu zinapotoka mzizi huu kwenda wa pili zinamkuta asiyefaa. Feskyu ndefu ni mkaidi zaidi, inashusha mizizi chini kabisa na haibishi hodi kwa mtu. Mchanganyiko wa namna hiyo hautapendeza kwenye picha, maana rangi zitatofautiana kidogo. Chama cha mtaa kitaona.

Ikiwa nyumba yako ni mpya, bahati imekuangukia. Mkandarasi amekwisha kukwangua udongo wa juu, akapitisha magari mazito juu ya mfinyanzi mpaka ukawa sakafu, kisha akatandika mikeka ya nyasi iliyokuzwa shambani kwenye udongo mwingine kabisa. Mizizi inashuka sentimita chache, inafika mahali mkeka unapokutana na sakafu, inakataa kuendelea. Hapo anakaribishwa ndugu wa mgeni wetu, Ophiosphaerella korrae, mwenye kuchora pete za mizizi iliyooza. Pete hizo mara nyingi hujitokeza miaka miwili hadi minne baada ya mikeka kutandikwa, yaani dhamana ya mkandarasi ikiwa imekwisha. Kuna mashine za kukodi zinazotoboa udongo na kung'oa vijiti vyake ili hewa iingie. Ukiiona inashushwa kwa jirani, funga pazia.

Kisha kata kipara. Urefu wa mzizi unafuata urefu wa jani, kwa kuwa jani ndilo jiko na mzizi ni mlaji. Ukiiacha nyasi ya Kentucky kwenye sentimita saba au nane, itajijengea mizizi ya kutosha kupoteza mingine na bado iishi. Ikate hadi sentimita tatu. Utaambiwa na mtu aliyeona gofu kwenye televisheni kwamba kule wanakata milimita tatu na nyasi hazifi. Ni kweli, na wanaotunza nyasi hizo ni kikosi cha watu wanaoamka alfajiri, wana mtambo wa kupima unyevu, ghala la dawa, na hofu ya kufukuzwa kazi. Wewe una Jumamosi.

Kuhusu maji inabidi tutulie, maana hapa ndipo mtu anapoweza kukosea na kuzinusuru nyasi kwa bahati mbaya. Kanuni ya kawaida ya watunza nyasi ni kumwagilia kwa nadra na kwa kina, ili mizizi ifuate maji chini. Kwa hiyo wewe, Aprili na Mei, nyunyiza kidogokidogo kila siku. Mizizi itabaki juu, kwenye joto, karibu na mgeni. Mpaka hapo ni rahisi. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, walipojaribu kwenye kiwanja chenye ugonjwa wa pete, waliona kwamba maji machache ya kila siku, yakitolewa mchana wa joto, yaliisaidia nyasi kupona kuliko maji mengi ya mara moja moja. Ukifikiri kidogo utaona sababu: nyasi ambayo mizizi yake imebaki ya kidole kimoja haiwezi kunywa kilichoko sentimita 20 chini. Inataka kupewa mdomoni, na kupozwa. Basi mwuaji makini hubadilisha mtindo saa hiyohiyo. Julai, mizizi ikiwa imekwisha, acha kunyunyiza. Mwagilia mara moja kwa juma, kwa wingi, kwa fahari, huku ukimweleza jirani kwamba umesoma. Kanuni nzuri ikitumika wakati mbaya ni silaha safi, na hakuna atakayekulaumu.

Mbolea: weka nyingi, ya kuyeyuka haraka, yenye naitreti, wakati joto linapanda. Jani litaruka juu, mzizi utabaki nyuma, na udongo unaozunguka mzizi utapanda pH kidogo, jambo ambalo mgeni hulipenda. Epuka mbolea ya SA, ile salfeti ya amonia ambayo wakulima wetu wanaijua toka zamani. Mzizi unapokula amonia hutoa uchachu pale ulipo, na uchachu huo unamkera kuvu huyu. Epuka pia mbolea zilizopakwa salfa zinazotoka polepole. Kisha ongeza chokaa. Usipime udongo kwanza. Kupima kunagharimu dola chache na kunaondoa msisimko.

Chokaa inatuleta kwa mgeni mwingine, mwenye ukoo wa kifahari zaidi. Kwa walioko Seattle na Portland, ambako mvua na ubaridi huzileta nyasi za Agrostis hata pale ambapo hazikupandwa, anayekuja ni Gaeumannomyces avenae. Nduguye anayekula ngano, wakulima wamempa jina linalomaanisha kwamba huchukua chote, na hawakumsingizia. Huyu wa Agrostis ndiye anayewaamsha usiku watunza viwanja vya gofu vipya, hasa vilivyojengwa juu ya mchanga, kwa sababu mchanga mpya hauna umati wa viumbe wa kumzuia. Anapenda pH ya juu. Tena ana hila moja: anayabadilisha madini ya manganizi yaliyo karibu na mzizi yawe katika hali ambayo mmea hauwezi kuyanyonya, na mmea usio na manganizi unashindwa kujenga kuta za kumzuia. Majaribio ya Marekani yameonyesha kwamba kilo mbili hivi tu za manganizi kwa hekta, zikitiwa kwa wakati, hupunguza mabaka. Kilo mbili kwa hekta nzima! Kwa kiwanja cha mbele ya nyumba hivyo ni vijiko vichache tu. Ni aibu kwa mtu mwenye gari la kubebea mifuko ya chokaa.

Lakini silaha kuu dhidi ya nyasi za Agrostis ni usafi. Ua kila kilichomo kwenye udongo kabla ya kupanda. Zamani ilikuwa rahisi, walipuliza gesi ya metili bromidi chini ya turubai na kila kitu kikafa, mpaka Mkataba wa Montreal ukaiondoa kwa ajili ya kulinda tabaka la ozoni. Katika udongo uliosafishwa hivyo, kuvu huyu akirudi, na hurudi, anawakuta washindani wake wote wamezikwa. Viwanja vilivyofukizwa vilipata ugonjwa mkali kuliko vichafu.

Wakulima wa ngano walilijua jambo hili kwa njia ya ajabu. Ukipanda ngano juu ya ngano juu ya ngano, ugonjwa unapanda kwa miaka michache mpaka wewe unakata tamaa. Halafu, ukiwa na roho ngumu ya kuendelea kupanda ngano ileile, ugonjwa unaanza kushuka wenyewe. Huko Pullman, Washington, watafiti akina R. James Cook na David Weller waliitafuta sababu wakaikuta kwenye mizizi yenyewe: bakteria wa Pseudomonas waliojaa pale kwa kula pamoja na ugonjwa, na ambao hutoa kemikali yenye jina refu kuliko foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni. Kemikali hiyo inamzuia kuvu. Kwenye viwanja vya Agrostis pia, mabaka mengi hufifia baada ya miaka kadhaa bila mtu kufanya la maana. Ndiyo sababu nasisitiza bidii. Mwenye subira anaweza kuamka siku moja na kukuta amepona.

Sasa tuje kwenye ustahimilivu wenyewe, maana kuna watu bado wanatumaini kwamba maabara fulani itatoa nyasi isiyougua. Wasome habari za oti, zile za uji. Mzizi wa oti hutengeneza sumu iitwayo avenasini; ukiumulika mzizi huo kwa taa ya urujuanimno unang'aa buluu, na kuvu wa ngano akijaribu kuingia anaungua. Ulinzi wa kupendeza. Ila avenae, huyuhuyu wa Agrostis, ana kimeng'enya kinachokata sukari kutoka kwenye sumu hiyo na kuiacha haina meno. Mwaka 1995 timu ya Anne Osbourn huko Norwich, Uingereza, iliiharibu jeni ya kimeng'enya hicho ndani ya kuvu. Akapelekwa kwenye oti akashindwa kabisa. Akapelekwa kwenye ngano, ambayo haina sumu hiyo, akala kama kawaida. Yaani mmea uliweka kufuli, kuvu akachonga ufunguo, na ufunguo ulikuwa jeni moja. Ukinunua kufuli moja kwa kiwanja chako chote, jua kwamba upande wa pili kuna fundi mwenye muda mwingi kuliko wewe.

Dawa za ukungu zina faida kubwa kwa mpango wetu, kwa sharti zitumike vibaya. Usizitie wakati udongo unafika nyuzijoto 18, kuvu akiwa anaanza safari. Ngoja Julai, mabaka yakionekana vizuri kutoka barabarani. Kisha nyunyiza juu ya majani jioni tulivu, uiache ikauke pale juu. Lebo itakuambia umwage maji mengi mara moja ili dawa ishuke kwenye mizizi, lakini lebo zina maandishi madogo na wewe una kazi nyingi. Dawa nyingi za aina hii zikinyonywa hupanda juu ndani ya mmea na hazishuki, kwa hiyo ile iliyoganda kwenye jani itabaki kulilinda jani, ambalo halikuwa na shida.

Nunua dawa yoyote yenye picha ya jani lililopona. Usiulize inaua nini. Kuna wageni wanaoitwa ukungu kwa mazoea tu, kina Pythium, ambao ukuta wa mwili wao umejengwa kwa selulosi na ukoo wao uko karibu na mwani wa baharini kuliko uyoga. Dawa nyingi za kuvu haziwadhuru hata kidogo. Iliyowadhuru sana ni metalaxyl, na mafanikio yake yaliwafurahisha watunza viwanja vya gofu kiasi kwamba waliitumia hiyohiyo tena na tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Pennsylvania, wakapatikana Pythium waliokuwa sugu kwayo. Nawe ukipata dawa iliyofanya kazi mwaka huu, usibadilishe kamwe.

Nimewaahidi watu wa Nairobi na Limuru. Ninyi mna nyasi ya Kikuyu, Cenchrus clandestinus, mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nyumbani ni lishe ya ng'ombe wa maziwa na pia ni usumbufu unaopenya ua na kuingia kwenye mboga. Nje imekuwa mheshimiwa: klabu ya Riviera mjini Los Angeles, ambako wachezaji wakubwa wa gofu hukutana kila mwaka, njia zake za kuchezea zimefunikwa nayo. Iliingia Australia karibu na mwaka 1920, ikatanda kwenye malisho ya pwani ya New South Wales, na kwa miaka mingi watu waliamini haiuawi na kitu. Wenye mashamba walichoka kuing'oa. Ndipo, penye joto na unyevu, vikaanza kuonekana viraka vya njano vinavyopanuka kila kiangazi, mizizi yake ikiwa imeoza na magugu yakijaza nafasi. Aliyehusika alipewa jina rasmi mwaka 1984, Verrucalvus flavofaciens, naye ni wa ukoo wa wale wenye kuta za selulosi. Kwa hiyo mwenye kunyunyiza dawa ya kuvu juu ya njano hiyo anamwogesha tu. Aina iitwayo Noonan inauvumilia ugonjwa huo kuliko nyingine, na Waaustralia waliipanda kwa sababu hiyo. Kuvumilia, si kukingwa. Kwa mtu wa Limuru anayetamani maafa ya kisasa, ushauri wangu ni kuagiza vipande vya nyasi na udongo wake kutoka ng'ambo, ndani ya begi, bila kumsumbua afisa wa karantini. Sekta nzima ya maziwa itakukumbuka.

Limebaki suala la kumtambua mwuaji, na hapa tuna historia tukufu. Mabaka ya Merion yalipoanza, wataalamu walichunguza nyasi zilizokufa wakamkuta kuvu aitwaye Fusarium. Alikuwa pale kweli, tena kwa wingi. Mwaka 1966 ugonjwa ukachapishwa kwa jina lake, na kwa miaka kama 15 hivi Fusarium akabeba kesi. Dawa ya benomyl ikamwagwa juu yake, na kwa kuwa iliwagusa pia wahalifu halisi, mara nyingine ilisaidia, na kila iliposaidia mshtakiwa alizidi kuonekana na hatia. Shida ilikuwa moja: akipandikizwa peke yake kwenye nyasi nzima nzima, hakuweza kuchora zile pete. Richard Smiley wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake ndio walioifungua upya kesi hiyo miaka ya 1980, wakashuka kwenye mizizi, wakakuta nyuzi nyeusi za wale ndugu wawili tuliowataja. Mgeni wa kiangazi alipata jina lake la kwanza la kisayansi mwaka 1989, miaka zaidi ya ishirini baada ya mwingine kuhukumiwa. Fusarium alikuwa amefuata mzoga tu.

Kwa hiyo ukitaka kupeleka sampuli maabara ya chuo kikuu cha jimbo lako, na majimbo mengi yana mahali pa namna hiyo, fanya hivi. Ngoja mpaka dawa tatu zimekwisha kutumika. Usikate pembeni mwa pete, pale nyasi hai inapokutana na inayokufa, maana huko ndiko kuvu anakofanya kazi na mtaalamu anaweza kumwona kwa hadubini. Kata katikati kabisa, palipokauka tangu mwezi uliopita. Chukua majani matupu, acha mizizi na udongo wake wa sentimita kumi. Yafunge ndani ya mfuko wa nailoni, uloweshe kidogo ili yasinyauke, uyaache kwenye kiti cha gari mchana kutwa, kisha uyatume Ijumaa alasiri. Maabara itayapokea Jumanne, itayachunguza kwa uaminifu, na itakuandikia kwamba imekuta Fusarium.